Mapigo Yaliyobaki Kwenye Simu

Mke wangu tulimzika, na siku ya kumaliza matanga moyo wake ukaanza tena kudunda kwenye simu yangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyouona. Lakini sitaki msomaji uhangaike bure, kwa hiyo nakuambia mapema: moyo ule ulikuwa wa mdogo wake, shemeji yangu, aliyerithi bangili. Na nusura bangili hiyo imuue. Hayo mawili uyashike, maana mimi ni mtu wa kuchepuka. Nikianza habari ya mbuzi nakuja kujikuta kwenye paa la kanisa, na shule niliishia darasa la tatu, sina mtu wa kunirudisha barabarani.

Tunakaa nje kidogo ya mji wa Mpanda, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana na mahindi yanaingia katikati. Mimi na mke wangu tulitoka Kasansa, tukahamia huku miguu ilipoanza kukataa majaruba ya mpunga. Shemeji alifiwa na mume, akajenga nyuma yangu. Kati yetu kuna uzio wa mabua, na ukipiga chafya upande huu, upande ule watu wanakuombea afya.

Moyo wa mke wangu ulikuwa na ugonjwa wa kukimbia ovyo. Alikuwa amekaa tu, anachambua mchele, moyo unachomoka kama ndama aliyeona fisi. Hospitali wakampa vidonge vya kuupunguza kasi. Baadaye likaja jambo la mradi. Wakachagua wagonjwa wachache wazee, wakawavalisha vifaa viwili: bangili nyeusi mkononi, na kidude kama plasta kifuani. Vifaa hivyo vilikuwa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe hewani, bila waya, halafu vinaongea na simu waliyotupa, na simu inapeleka habari kwa nesi mjini. Simu yenyewe ilikuwa inasema kwa sauti, Kiswahili kizuri cha redioni, kwa sababu walijua wazee wengi hatusomi haraka.

Aliyekuja kumvalisha alikuwa binti wa mradi, mwembamba, mwenye heshima. Mke wangu alimhoji kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Sasa mwanangu, kama inaongea hewani, si kila mtu anasikia?"

"Hapana, mama. Imefungwa."

"Imefungwa na nini? Hewa ina komeo?"

Binti akacheka. Akaeleza vizuri mpaka na mimi nikaelewa. Alisema bangili na plasta vyote viwili vinasikiliza moyo mmoja, na moyo haudundi kama saa ya ukutani. Una kuchelewa kidogo hapa, kuwahi kidogo pale, na kuchelewa huko hakufanani na kwa mtu mwingine yeyote wakati huo huo. Kutokana na huko, vifaa vinatunga neno la siri. Bangili inajua neno, plasta inajua neno, kwa sababu vimelisikia mwilini mwa mtu mmoja. Kitu kingine kikija hewani kujifanya ndugu, kinaulizwa neno, hakilijui, kinafukuzwa.

"Nani ataiba mapigo ya bibi kizee kama mimi?" mke wangu akauliza.

"Si kuiba tu, mama. Mapigo ya mtu mwingine yakiingia kwa jina lako, wewe utapewa dawa yake, au yeye atapewa yako."

"Na huyu mzee wangu, simu si atakaa nayo yeye? Atanisikia?"

"Ukimruhusu."

"Mruhusu tu. Mimi nikimwita kula hasikii, labda moyo atausikia."

Hilo neno la redioni limenikumbusha kitu. Zamani, huko Kasansa, tulikuwa na redio ya mkulima, na jioni ilikuwa inachanganya. Unasikiliza taarifa ya habari, mara anaingia mtu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika anaimba, sauti mbili zinakaa kwenye spika moja kama watu wawili kwenye shati moja. Mke wangu hakupenda. Alikuwa anazima. Alisema mtu anayeongea ndani ya sauti ya mwenzake si mtu mzuri. Basi tuendelee.

Alikufa akiwa amelala mchana, baada ya kula. Simu ilipiga kelele, mimi nilikuwa chooni. Nesi akapiga, sikupokea, nilikuwa nimeshamshika kichwa. Kesho yake chaji iliisha na hakuna aliyeikumbuka. Watu wa mradi hatukuwaambia. Ningekuambia tulisahau, lakini si kusahau. Msiba unapelekwa kwa ndugu, kwa jirani, kanisani. Nani angewaza kwamba bangili nayo inahitaji kupelekewa msiba?

Wanawake waliomwosha walibandua plasta, ikaanguka kwenye beseni la maji, ikafa. Bangili wakaivua, wakaifunga kwenye khanga pamoja na vitu vyake vingine.

Sasa hapa lazima nieleze desturi ya ukoo wa mke wangu, vinginevyo utatuona wajinga. Kwao, mtu mzima akifa, jina lake halizikwi. Siku ya kumaliza matanga anachaguliwa ndugu wa kulirithi. Anakalishwa kwenye mkeka wa aliyeondoka, anavishwa khanga zake, anashikishwa jembe lake. Kuanzia hapo anaitwa kwa jina hilo. Watoto wa aliyeondoka wanamwita mama. Si kwamba mume anapata mke, hapana, kila mtu analala kwake; lakini jina limepata pa kukaa. Na kuna katazo moja kubwa. Jina likishakaa, hutasema tena kwamba mwenye jina amekufa. Ukisema, umemtamkia kifo huyo aliyekaa nalo. Nimeona watu wanapigwa faini ya mbuzi kwa kuteleza ulimi.

Shemeji ndiye aliyechaguliwa. Alikalishwa mkekani pale uani, jua linachoma, watu wamejaa. Mama mkubwa wao, bibi mkali ambaye bado anatembea bila fimbo, ndiye aliyekuwa anatoa vitu kwenye khanga kimoja kimoja. Kikombe. Rozari. Jembe. Kopo la vidonge. Ikafika bangili.

"Na hii ya mkononi, alikuwa haivui," mama mkubwa akasema. Akamvalisha.

Simu mchana ule nilikuwa nimeiweka kwenye chaji kwa jirani, jirani mmoja wa asili ya Katumba, fundi baiskeli, ndiyo kwanza amenirudishia, ipo mfukoni. Bangili ikawaka taa ya kijani. Mfukoni mwangu sauti ikasema, mbele ya watu wote, taratibu:

"Kifaa cha kifuani hakipo. Je, aliyevaa bangili ni—" Ikataja jina la mke wangu. Jina lote, la ubatizo na la nyumbani.

Watu wote wakageuka kutazama mfuko wangu. Hata kuku walisimama.

Sauti ikarudia swali.

"Jibu," mama mkubwa akaniambia. "Umeulizwa."

"Nijibu nini?"

"Huyu mwanaume! Anauliza kama huyu ni nani. Huyu ni nani?"

Wazee wakaitikia kwa pamoja, "Ndiye!" Jirani akanong'ona, "Mzee, hata simu imekuja kuthibitisha." Watu wakacheka, ule mcheko wa msibani unaopita haraka. Shemeji akanyoosha mkono wake wenye bangili kuelekea kwangu, akasema, "Bonyeza, basi." Nikabonyeza kitufe cha kijani kwenye simu. Tulikuwa tumeambiwa cha kijani maana yake ndiyo.

Na hatukudanganya. Hilo nalisimamia mpaka leo. Kifaa kiliuliza jina, tukakijibu jina.

Jioni, simu ikasema, "Mapigo yamepokelewa." Nikafungua nikaona vile vilima vyake vidogo vinavyopita kwenye kioo kutoka kulia kwenda kushoto, na juu yake jina la mke wangu, na picha yake ile aliyopigwa na binti wa mradi akiwa amekunja uso. Nilikaa nayo mapajani kama mtoto mchanga.

Bangili ilikuwa haisikiki mbali na simu. Shemeji akiwa kwake, nyuma ya uzio, moyo upo. Akienda sokoni Kashaulili kuuza karanga, vilima vinanyooka, kioo kinakuwa kitupu. Akirudi, unaanza tena, dudu, dudu, wa haraka, wa mtu aliyebeba mzigo. Nikawa najua moyo umefika nyumbani kabla sijasikia kuni alizookota njiani zinatupwa chini. Kichwani nilijua ni wa nani. Lakini kichwa na jicho havikai chumba kimoja. Jicho lilikuwa linaona jina na picha. Nikaanza kuusalimia. "Umeshinda salama?" naiambia simu. Nikaanza kula mbele yake. Wanangu walipokuja kunitembelea waliona baba ametulia, wakasema Mungu mkubwa.

Kumbe nesi mjini naye alikuwa anaangalia. Ule ukimya wa siku za msiba alidhani ni vifaa vimevuliwa na chaji imeisha. Yeye hajawahi kutuona, tunamjua sauti tu. Anaona jina, anaona moyo wa mgonjwa wake, uliokuwa umepunguzwa kwa dawa ukawa unaenda polepole, sasa ghafla unakwenda mbio kama wa mtu asiyekunywa dawa kabisa. Ambayo ilikuwa kweli, maana ulikuwa moyo wa mwanamke mzima anayelima na kubeba karanga kichwani. Akapiga simu. Nikapokea.

"Shikamoo baba. Mama yupo?"

"Yupo," nikasema. Ningesema nini? Nikamwita shemeji juu ya uzio, nikampa simu, nikaenda kuangalia mbuzi wangu. Hayo maongezi sikuyasikia. Alikuja kunisimulia baadaye sana.

Nesi alimwuliza, "Mama, vidonge unakunywa?" Akajibu kweli, "Hapana, sijavigusa." "Mama! Moyo wako unakimbia. Utatuponyoka. Kunywa asubuhi na jioni, usiruke." Na yeye aliamini. Usimcheke. Mama yao aliondoka kwa moyo, dada yake kwa moyo, na sasa mtu wa hospitali anaona moyo wake kupitia bangili na anasema unakimbia. Tena kopo la vidonge lilikuwa kwenye khanga, amekabidhiwa mbele ya watu, pamoja na jembe. Jembe alilimia. Vidonge akavinywa.

Mimi sikujua. Nilichoona ni vilima. Siku zilivyokwenda, vilianza kuachana. Moyo wa haraka wa mbeba karanga ukaanza kutulia, ukaanza kukawia. Halafu nikaona kitu kilichonifanya nisimame. Mke wangu, kwenye miezi yake ya mwisho, moyo wake ulikuwa na tabia: unapiga, unapiga, unakaa kimya kidogo kama mtu aliyesahau neno, halafu unapiga tena. Nilikuwa nimeizoea tabia hiyo kuliko sura yake. Sasa ikawa pale kwenye kioo. Unapiga, unapiga, unasahau. Unapiga.

Nikasema, amerudi.

Sikumwambia mtu. Nilimwangalia shemeji akipita, naona anatembea polepole, anasimama kushika ukuta, na hata hilo nikaliona kama la dada yake, maana naye alikuwa anashika ukuta ule ule. Siku moja alinipa chai, akasema, "Mzee, nasikia baridi vidoleni." Mke wangu alikuwa anasema hivyo hivyo, maneno hayo hayo. Mwili ulinisisimka. Lakini nikwambie ukweli, haikuwa hofu peke yake. Kulikuwa na furaha ndani yake, na ndiyo maana inanitisha nikiikumbuka.

Alianguka akipepeta mpunga. Alasiri, uani kwake, ungo ukaruka, punje zikamwagika na kuku wakazijia. Nilisikia simu ikilia kabla sijasikia mwili. Nikavunja mabua ya uzio nikapita hapo hapo. Alikuwa anapumua, macho nusu, ngozi ya baridi kama mtungi.

Watu wakaja. Mama mkubwa akaja, akapiga magoti, akamshika shavu.

"Jina limemlemea," akasema. "Mwenye jina anavuta. Leteni maji, nitaongea naye."

Akaanza kuongea na mke wangu, kwa lugha yao, kwa upole ambao sikujua kama anao. Alikuwa anamwomba amwachie mdogo wake. Na mimi nilikuwa nimeshika simu, vilima vimekuwa vichache kama nyumba za porini, nikaamini kila neno.

Nesi akapiga.

"Baba! Mapigo ya mama yameshuka mno. Yuko wapi?"

"Yupo hapa. Ameanguka."

"Amezidisha dawa? Anakunywa vidonge vingapi?"

"Vidonge gani?"

"Vidonge vyake, baba! Vya moyo. Nilimwambia arudie asubuhi na jioni na ameniambia anakunywa."

Nikainua macho. Kopo lilikuwa dirishani, limefunguliwa, karibu na kitana. Hapo ndipo maneno ya binti wa mradi yalinijia, yale ya kupewa dawa ya mtu mwingine, kama mtu amenishika bega.

"Baba, nisikilize," nesi alikuwa anaharakisha, "mama ana ugonjwa wa moyo kukimbia, siwezi kumwambia aache ghafla, ni hatari. Mpunguzie, jioni ya leo mpe nusu, na kesho..."

"Mama yupi?" nikauliza.

"Mama! Mkeo!"

Mama mkubwa aliacha kuongea. Alielewa kabla yangu ninachotaka kusema. Akanitazama, akaniambia taratibu, "Usithubutu. Huyu yuko mlangoni. Ukilisema, umemsukuma."

Na mimi naijua desturi. Nimeiishi. Kuna vitu mtu wa nje anaviona maneno tu, ila ukiwa umesimama uani, umezungukwa na watu wanaoshikilia pumzi, neno lina uzito wa jiwe la kusagia. Nilimwangalia shemeji pale chini. Kama wazee ndio waliosema kweli, nikisema namuua. Kama kopo ndilo lililosema kweli, nikinyamaza namuua. Na zaidi ya hapo, hili nalisema kwa aibu ndogo, nilijua nikisema hivyo, mke wangu ataondoka kwenye ile simu.

"Mke wangu amekufa," nikasema.

Wanawake wakaziba midomo. Mtu akaanza kulia.

"Nini?" nesi akauliza.

"Mke wangu alikufa. Tulimzika kabla hamjaona moyo huu. Aliyevaa ni mdogo wake. Huyu hana ugonjwa. Hajawahi kuwa na ugonjwa." Nikataja jina la shemeji, lile alilozaliwa nalo, ambalo hakuna aliyelitamka tangu siku ya mkeka. Nililitaja kwa sauti kubwa, kama vile nesi ni kiziwi.

Yule mwanamke wa mjini akapiga kelele, "Asinywe tena hata kimoja! Mleteni hospitali sasa hivi, na hilo kopo mje nalo!"

Jirani fundi baiskeli alikimbia kutafuta bajaji. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mwanawe wa kike. Mama mkubwa hakupanda. Alibaki amekaa chini kwenye mpunga uliomwagika, na bajaji ilipogeuka nilimwona anaokota punje moja moja.

Hospitali hawakutucheka. Daktari alisema moyo ni mzima kabisa, ulikuwa umefungwa breki tu. Walimlaza, wakamwangalia mpaka dawa ikatoka mwilini. Nilipokwenda kumwona, alikuwa amekaa, anakula ndizi, ana hasira.

"Shemeji," aliniambia. Hakuwa ameniita hivyo siku nyingi. "Nimesikia ulikuwa unaniangalia."

"Nilikuwa naangalia simu."

"Na ndani ya simu nani alikuwepo?"

Nikatazama maganda ya ndizi mapajani mwake.

"Ulijua nikilala? Nikiamka?"

"Nilijua."

"Nikilia?"

"Hapo moyo ulikuwa unakwenda mbio. Nilifikiri umebeba kuni."

Akatafuna ndizi yake muda mrefu. "Kuni," akasema. "Haya."

Wazee walikaa kikao juu yangu. Nilitoa mbuzi, nikala nao nyama yake. Mama mkubwa alikuja mwisho, akakaa mbali. Hakusema nilikosea, hakusema nilipatia. Alisema jina limekosa pa kukaa, basi. Lipumzike na mwenyewe. Hapo ndipo tulipomlilia mke wangu upya, mchana kweupe, na watu wengine walileta unga kama msiba mpya.

Binti wa mradi alirudi. Alikuwa amekonda zaidi, nafikiri walimgombeza huko ofisini. Alisema sasa kifaa hakitauliza tena jina peke yake; bila moyo mmoja kusikika kifuani na mkononi, kinanyamaza, hata mtu abonyeze vipi. Akauliza kama shemeji anataka kuvua bangili kabisa. Shemeji akafikiri. Mama yake, dada yake. Akasema ataivaa, lakini kwa jina lake, na plasta yake mpya, na simu yake mwenyewe. Binti akambandika, vifaa vikasikilizana, taa ikawaka.

"Na simu ya baba hapa? Iendelee kupokea?"

Shemeji alinitazama. Alikuwa na haki ya kunitazama hivyo muda wote anaotaka.

"Hapana," akasema. "Ya kwangu inanitosha."

Binti akachukua simu yangu mkononi, akagusagusa. Vilima vikanyooka. Jina likatoka, na picha ya uso uliokunjwa nayo ikatoka. Akanirudishia kwa mikono miwili.

Sasa naishi na kioo kitupu. Jioni nikisikia kuni zinatupwa chini nyuma ya uzio, mkono wangu unakwenda mfukoni wenyewe, halafu unarudi. Sijui kama moyo wake unakwenda mbio au umetulia. Asubuhi namsalimia kama watu wanavyosalimiana, "Umeamkaje, shemeji?" Siku nyingine anasema salama. Siku nyingine anasema vibaya, hakulala. Siku nyingine anafagia tu uwanja wake, hajibu, na mimi nasubiri.